Waya Uliofungwa kwa Plasta

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Marufuku, na alijitakia mwenyewe, kwa sababu alibandika karatasi za marufuku kila mahali mkono wake ulipofika. Marufuku kuingia na maji. Marufuku kuegemea kabati. Marufuku kuchomeka kitu chochote kwenye soketi nyekundu isipokuwa kompyuta. Hata mlango wa choo cha wafanyakazi ulikuwa na karatasi yake, ingawa hiyo aliapa mbele ya watu kwamba hakuibandika yeye.

Alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali nzima, na hospitali yenyewe haikuwa kubwa: wodi mbili, chumba cha kujifungulia, maabara, duka la dawa, na ukumbi wa kusubiri wenye mabenchi yasiyotosha. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya mashuka. Humo ziliwekwa seva mbili ndogo zilizobeba faili za wagonjwa na majibu ya maabara, na chini ya seva ilikaa UPS, lile sanduku jeusi la betri linaloshika umeme ukikatika, ili seva zizimwe taratibu badala ya kuanguka ghafla na kuharibu kilichomo. Kutoka kwenye UPS hiyo zilivutwa soketi nyekundu za masijala, duka la dawa na maabara. Umeme wa kawaida ukienda zake, soketi nyekundu zinabaki hai kwa muda. Sasa mwambie mtu kwamba kuna soketi isiyokufa, halafu umwambie asiiguse. Utabandika karatasi mpaka gundi ikuishie.

Ugomvi wake na watu wa soketi nyekundu ulikuwa wa miaka, na humo ndimo alimojifunza njia yake ya kazi, ambayo aliipenda kupita kiasi. Akikuta waya asioujua, hakujisumbua kuufuata darini kwenye vumbi na kinyesi cha popo. Aliuchomoa, akakunja mikono, akasubiri. Mwenye waya atakuja mwenyewe, tena mbio. Kwa njia hiyo alimnasa mhasibu na feni yake ya mezani. Kwa njia hiyo hiyo alimnasa mlinzi wa getini, aliyetokea macho yamemtoka pima, redio imemzimikia mpira ukiwa umebaki kidogo tu kwisha. "Chomoa, halafu sikiliza nani atapiga kelele," ndivyo alivyomjibu kila aliyemuuliza mambo haya anayatatuaje, na alicheka kila alipolisema neno hilo.

Wiki hii hakuwa na cha kumchekesha. Mama yake alikuwa amelazwa.

Dada yake ndiye aliyemleta, amemshika kwapani, mapafu yamejaa, kila pumzi inavutwa kwa taabu. Daktari mkuu alimpima, kisha akaagiza awekwe kwenye chumba cha pembeni cha wodi ya wanawake, kile kinachopakana na chumba cha seva. Humo kulikuwa na mashine ya oksijeni, kitu kikuukuu chenye magurudumu, kinachovuta hewa ya chumbani na kumpa mgonjwa oksijeni kwa mrija wa puani. Ilikuwa na kengele ya kulia umeme ukikatika, lakini kengele hiyo ilikufa siku nyingi na hakuna aliyeizika wala kuifufua. Mitungi ya oksijeni ilikuwa imepelekwa kujazwa na gari halijarudi. Jenereta lilikuwa limefunguliwa, vyuma vyake vimetandazwa juu ya turubai kama nguo za mtumba. Kwa hiyo uhai wa yule mama ulikuwa kwenye umeme wa kawaida, na umeme wa kawaida mnaujua wenyewe.

Siku ya kwanza tu, fundi alimfuata muuguzi wa zamu koridoni. Alikuwa mwanamke mwepesi wa miguu na mzito wa maneno, na wodi nzima walimwita Sista.

"Sista, nakuomba," alimwambia. "Ile mashine isizime. Ikizima hata kidogo inachukua muda kurudi sawa, na mama hana huo muda. Fanya lolote."

"Kaka, niachie mimi," alisema Sista.

"Lolote, sista. Nakuomba kama dada yangu."

"Nimekwambia niachie."

Akamwachia. Na kana kwamba mkosi umeapa kumwandama, kesho yake UPS nayo ikaanza kulia.

Ilikuwa UPS mpya, si lile kopo la zamani. Daktari mkuu aliipigania vikao vingi mpaka ikanunuliwa, na sasa ilikuwa inapiga mlio wa kukera, taa nyekundu inawaka, kwenye kioo chake kumeandikwa kwamba mzigo umezidi, yaani vitu vinavyovuta umeme wake ni vingi mno. Inalia, inanyamaza, inalia tena. Fundi alijua maana yake, na ndiyo iliyomtoa jasho. Umeme ukiwepo, UPS iliyozidiwa inalalamika tu. Umeme ukikatika, haishiki hata sekunde. Inajizima yenyewe kujiokoa, na chochote kilichoning'inia kwake kinaanguka.

"Fundi, hii si ndiyo mpya?" daktari mkuu aliuliza, amesimama mlangoni na mikono mfukoni. "Sasa inalilia nini?"

"Kuna kitu kimechomekwa, daktari. Nakitafuta."

"Kitafute haraka. Majibu ya watu yamo humo."

Akakitafuta. Alianza na betri yenyewe, akaijaribu, ikawa nzima. Akajumlisha kichwani kinachokula seva mbili, akajumlisha na kompyuta za soketi nyekundu, jumla ikakataa kufika popote karibu na kile kilichosemwa na kioo. Basi mtu anakula pembeni. Akaenda masijala. Huko alikuta birika la umeme limefichwa nyuma ya rafu ya majalada, bado la moto.

"Bwana Marufuku, mpaka chai?" alilalamika mama wa masijala. "Tutakunywa nini, wino?"

"Kunyweni maji."

"Maji nayo uliyakataza, karatasi hiyo hapo mlangoni."

Siku nyingine angejibu, maana mama huyo alikuwa mtani wake wa siku zote. Alilibeba birika kwa mpini akaondoka, na mama wa masijala akabaki anamtazama, akajua mambo yamemfika shingoni. Dukani aliichomoa printa kubwa inayokula umeme mwingi kila inapopasha moto. Maabara alikuta chaja za simu zimejaa kwenye soketi moja. Kila alipotoa kitu alirudi kukimbilia kioo, na kila mara kioo kilishuka kidogo tu, taa inazima kama muda wa kumeza mate, kisha inawaka tena.

Alikuwa amekatika vipande viwili. Akikaa kwa mama, akimshika mkono uliokuwa mwepesi mno, anaisikia UPS kichwani. Akiwa kwenye UPS, anamwona mama. Hakula. Usingizi wake ulikuwa wa kwenye kiti, shingo imepinda. Dada yake alimwambia aende nyumbani akaoge walau, akamjibu kwa ukali, halafu akaenda nje akajiinamia nyuma ya tangi la maji na kulia kama mtoto. Kama mnadhani mtu mzima mwenye kufungua mashine hawezi kulia nyuma ya tangi la maji, basi hamjawahi kumwona mama yenu akitafuta pumzi.

Ndipo ikaja siku ya upepo. Tangu asubuhi mabati yalikuwa yanapigapiga, vumbi linaingia kwenye mabenchi ya ukumbi, na taa zikaanza kufifia na kurudi. Kila zilipofifia fundi alitupia jicho kioo cha UPS. Umeme haukukatika, lakini kila mtu aliona unakokwenda. Taa nyekundu ya UPS sasa haikupumzika tena, na mlio ulikuwa mmoja tu usiokatika.

Fundi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa sababu kabati lilikuwa zito na mgongo wake si wa jana. Alilivuta kabati la seva kutoka ukutani. Nyuma, kati ya fungu la nyaya za mtandao zinazopanda darini kupitia tundu alilolitoboa mwenyewe, akauona waya mweupe usio wa mtandao. Ulikuwa wa ekstensheni. Umechomekwa kwenye UPS yenyewe, umelazwa vizuri kabisa na wenzake, na umefungwa kila mahali kwa plasta, ile ile ya kufungia vidonda.

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Ndani ya chumba chake! Chini ya karatasi yake! Alitoa kichwa koridoni akapaza sauti: "Nani kachomeka waya mweupe kwenye UPS?" Watu wa mabenchi walimtazama. Mama wa masijala aliapa kwamba safari hii si yeye. Sista hakuwepo, alikuwa ameitwa mbio chumba cha kujifungulia ambako mtoto alikuwa anakuja vibaya. Nyaya zile zilikwenda jengo zima, na kuufuata huo mmoja darini kungemla saa nzima. Taa zikafifia tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

Akafanya anavyofanya siku zote. Akauchomoa.

Mlio ukakatika. Taa nyekundu ikazima, ya kijani ikawaka. Kioo kikashuka mpaka nusu kikatulia hapo. Fundi akakunja mikono akasikiliza. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyekuja mbio. Alisubiri kidogo, akasikia mafeni ya seva tu yakivuma, na mabati ya nje. Akajiambia kwamba basi waya huo haukuwa na mwenyewe, labda ni wa feni iliyosahauliwa na mtu aliye likizo. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu mama alazwe akavuta pumzi ndefu ikashuka mpaka chini. Alifurahi. Semeni mtakavyo, alifurahi mpaka akatabasamu peke yake, akachukua simu akamwandikia daktari mkuu kwamba tatizo limekwisha. Akafuta jasho, akarudisha bisibisi mfukoni, kisha akaamua kupita kwa mama amwambie. Mama alipenda kuambiwa mambo ya kazi yake, hata asiyoyaelewa.

Aliingia anatabasamu bado. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba chumba kimetulia, akadhani mama amepata usingizi. Dada yake hakuwepo, alikuwa amekwenda kuchota maji ya moto. Alipiga hatua mbili ndipo akaelewa chumba kile kimetulia kwa sababu gani. Mashine ilikuwa kimya. Mama alikuwa macho, amekaa nusu, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda na mwingine umenyooshwa kuelekea ukutani, midomo imepauka ikawa na rangi ya majivu, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka bila kupata kitu.

"Mama! Mama!"

Aliirukia mashine akabonyeza kitufe, kikakataa. Akabonyeza tena na tena. Akafuata waya wake kwa macho. Ulikuwa mweupe. Ulipanda ukutani nyuma ya kitanda, ambako hakuwahi kutazama, umeshikizwa kwa plasta, ukaingia darini.

Hata soketi ya kawaida ya chumbani hakuikumbuka. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyotoka. Waliokuwa ukumbini wanasema aliruka benchi lenye watu. Alipiga magoti nyuma ya kabati, plagi ikakosa matundu mara ya kwanza, mara ya pili, kisha ikaingia. UPS ikalia papo hapo, taa nyekundu. Ng'ambo ya ukuta alisikia mashine ikikohoa na kuanza kuunguruma. Akaweka paji la uso kwenye ukuta ule akasema, "Pumua, mama. Pumua, nakuomba."

Sista akaingia, gauni lake lina damu ya uzazi, pumzi zimemwishia.

"Kaka, umechomoa waya wangu?"

"Ni wako?"

"Si uliniomba? Ulisema lolote! Nikapanda stuli, nikapenyeza mkono nyuma ya kabati, nikaupitisha mimi mwenyewe siku ile ile ulipotoka kwenda kula. Nimeona huku ndiko umeme hauzimi."

"Mbona hukuniambia, sista?"

"Ningekwambiaje?" Akaonyesha ukuta kwa kidole. "Karatasi yako hiyo hapo. Ungekataa."

Taa zilififia, zikarudi, zikafifia tena. Sista alitazama juu akakimbilia kwa mgonjwa wake. Fundi aliitazama taa nyekundu. Alijua kitakachotokea vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Umeme ukienda sasa, sanduku hili litajizima, na mashine ya mama itazima nalo, na safari hii hakutakuwa na mahali pa kuichomeka.

Seva huzimwa taratibu. Unaziambia, zinafunga kazi moja moja, zinaaga, ndipo zinazima. Aliwafundisha hivyo watu wote wa hospitali ile, na aliyewahi kuchomoa kompyuta bila kuiaga alikiona cha moto. Akashika nyaya za seva zote mbili kwa mkono mmoja.

"Fundi! Unafanya nini?" Daktari mkuu alikuwa mlangoni, simu yenye ule ujumbe wa tatizo limekwisha bado iko mkononi. "Usizime! Majibu ya leo yote yamo humo! Watu wamejaa nje!"

"Mama yangu yuko kwenye UPS, daktari."

"Yuko wapi?"

Akavuta. Mafeni yakalia kwa kushuka, yakanyamaza. Chumba kikawa kimya kuliko kilivyowahi kuwa. Taa nyekundu ikazima. Muda si mrefu taa za dari zikazima pia, na safari hii hazikurudi. Jengo zima likaguna, kama watu wanavyoguna umeme ukikatika, kisha kila mtu akawa anasikiliza. Ng'ambo ya ukuta mashine ya oksijeni iliendelea kuunguruma.

Daktari mkuu aliingia ndani. Alizitazama seva zilizokufa, akautazama waya mweupe mpaka ulipoingia darini, akageuka akaenda wodini kwa mwendo wa haraka. Baada ya muda sauti yake ikasikika ukumbini akiwaambia watu wa maabara wachukue kalamu na karatasi, na waliokwisha kupimwa wapange mstari upya. Watu walinung'unika. Mtoto mmoja aliyekwisha kuchomwa sindano ya kidole asubuhi aliangua kilio kusikia atachomwa tena, na mama yake akauliza kwa sauti ni nani aliyefanya upuuzi huo.

Fundi alilisikia swali hilo akiwa ameketi kando ya UPS. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama betri ikishuka kwenye kioo. Mtu unayeweza kurekebisha kila kitu, halafu unakaa unatazama namba ikipungua na huwezi kuiongezea hata moja. Aliomba. Aliomba vibaya, bila mpango, akichanganya maneno ya sala na maneno ya kumtukana mwenye gari la mitungi. Ilibaki robo. Ikashuka chini ya robo. Akaanza kufikiri kama kuna betri ya gari mahali popote karibu, akajua hata ingekuwepo asingewahi kuifunga, akaendelea kufikiri hivyo hivyo.

Gari la mitungi liliingia getini likipiga honi. Yule mlinzi wa redio ndiye aliyeusukuma mtungi wa kwanza kwa kigari, akipaza sauti watu wapishe, na Sista akaupokea mlangoni akahamisha mrija kabla mtungi haujasimama sawa. UPS ilizima muda mfupi baadaye, kwa kuishiwa tu, bila kelele yoyote.

Seva moja ilikubali kuwaka umeme uliporudi jioni. Nyingine ilipotelewa na majibu ya siku ile na ya jana yake, na fundi aliyaingiza upya kutoka kwenye karatasi za vipimo vilivyorudiwa na zile ambazo wagonjwa walikuwa wamepewa, moja baada ya moja, kwa siku nyingi. Daktari mkuu hakumfukuza wala hakumsifu. Alimwambia tu akitafutie chumba cha pembeni umeme wake wa peke yake, na kwamba yeye daktari alipaswa kuambiwa mapema. Sista alikuja kumwomba radhi, naye akamwomba radhi Sista, wakasimama pale koridoni wote wawili hawajui nani aanze kuondoka.

Mama alipata nafuu polepole. Ilipita siku moja ndipo sauti yake ikarudi kidogo, nyembamba, ya mtu anayehesabu pumzi kabla ya kusema. Fundi alikuwa amekaa kando yake anamlisha uji kwa kijiko.

"Mwanangu," alisema mama, "ile mashine ilipozima."

"Usiseme sana, mama. Kula."

"Nilikuita. Nilijua uko hapo nyuma ya ukuta. Nikakuita, nikakuita. Sauti ikakataa kutoka."

Kijiko kilibaki hewani. Alijua vizuri alikuwa wapi na anafanya nini wakati ule. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo wake kwenye ukuta huo huo, mikono imekunjwa, anatabasamu.

Mama akamgusa goti.

"Hukusikia?"

"Sikusikia, mama," alisema, akamfuta uji mdomoni.